Zamu ya Mkubwa Wake

Watu wa Misikhu wakikwambia Wanyonyi ni mpole, usibishane nao, ila usiwaamini. Mpole gani huyo aliyemchukia ndugu yake wa tumbo moja tangu ujana hadi mvi zikaanza kumchungulia kidevuni? Adabu alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Alisalimia kwa mikono miwili, kanisani alikaa viti vya nyuma, na ofisini kwake Kitale hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Lakini adabu na chuki huweza kupanga chumba kimoja bila kugombana, na kwa Wanyonyi zilipanga pamoja miaka na mikaka.

Mwenye kuchukiwa alikuwa Wepukhulu, kifungua mimba wa mama yao Roselyne. Kwao mdogo hamruki mkubwa. Msimu wa tohara ulipofika, Wanyonyi alikuwa ameshatafuta njuga na kuwaalika wajomba. Wepukhulu akashikwa na tumbo. Msimu mwingine ukaja, akashikwa na mguu. Wanyonyi akakaa anangoja, huku wenzake wa rika waliokwisha kuwa wanaume wakimtuma maji kama mtoto. Walipotahiriwa hatimaye ilikuwa asubuhi moja, Wepukhulu mbele, Wanyonyi nyuma, na sifa zote za ushujaa zikamwendea yule wa mbele aliyewachelewesha. Ndoa nayo ikawa vivyo hivyo. Pauline alimngojea Wanyonyi mpaka shangazi zake wakaanza kumletea wachumba wengine, maana Wepukhulu alikuwa bado anachagua.

Sasa ilikuwa zamu ya nyumba. Ndugu wote wawili waliishi Kitale katika nyumba za kupanga, Wepukhulu na duka lake la vipuri vya bodaboda, Wanyonyi na kazi yake ya kompyuta. Kule Misikhu, katika shamba la marehemu baba yao, hakuna kati yao aliyekuwa na hata kibanda. Wanyonyi, Pauline na binti yao Lorraine wakienda kumsalimia mama walilala jikoni, kijumba cha nje kilichojaa masizi, kwa kuwa mwanamume aliyetahiriwa halali chini ya paa la mama yake. Wanyonyi alitaka kujenga. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Mwanamume akifa bila nyumba kwao, waombolezaji humsema mbele ya jeneza lake, na Pauline hakuchoka kumkumbusha.

"Baba Lorraine, ukifa leo tutakulaza wapi? Kwa masufuria?"

"Wepukhulu hajajenga. Nitaanzaje?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka huu ukiisha, mimi jikoni kwa mama yako silali tena. Utaenda wewe na adabu yako."

Wanyonyi alimaliza chai yake. Alivaa koti akaenda kazini.

Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa ya Ngige, ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Walitengeneza programu ya simu kwa ajili ya maghala ya mahindi: karani anapima gunia, anaingiza unyevu, mkulima anapata ujumbe. Wenzake ndio walioandika programu yenyewe. Yeye alisimamia safari yake kutoka kwenye kompyuta zao mpaka kwenye simu ya karani, na safari hiyo ina kazi nyingi ndogondogo. Kuna kuvuta vipande vilivyoandikwa na watu wengine, kugeuza maandishi yawe lugha ya mashine, kupunguza picha, kupanga ujumbe wa Kiswahili na wa Kibukusu, kupima kama kila kitu kinafanya kazi, na kufunga kifurushi. Kipo chombo maalumu cha kuziendesha kazi hizo. Chombo chenyewe hakina akili. Unakiandikia katika faili kwamba kazi hii inategemea ile, nacho kinatii.

Wanyonyi alikiandikia foleni. Kila kazi mpya ilipozaliwa, aliifunga nyuma ya ile iliyozaliwa kabla yake na kuandika kwamba inaitegemea. Hakufikiri mara mbili. Mtu aliyelelewa vile angeandika nini kingine? Kwa hiyo ukibadilisha neno moja tu la salamu, foleni nzima ilianza upya kutoka kwa mzee wao, na wenzake walijizoeza kushuka chini kunywa chai na mandazi wakisubiri. Walimsema pembeni. Aliwasikia, na kila aliyemsema akamwekea akiba ya chuki moyoni.

Ukafika msimu wa kuvuna. Mahindi yalimiminika mjini kwa malori, kwa matrekta, hata kwa tuk-tuk, na siku ya kwanza tu programu yao ikaanza kukata uzito wa unyevu mara mbili. Mkulima aliyeleta mahindi makavu aliandikiwa gunia jepesi kama la pamba. Makarani wakaanza kutukanwa, mmoja akavutwa shati. Kosa lilikuwa mstari mmoja, na mstari huo ulirekebishwa kabla chai haijapoa. Kisha programu ikatakiwa isafiri, ikagoma.

Iligomea kwenye kazi kongwe kuliko zote. Hiyo ilikuwa ya kuchukua bei za soko kwenye tovuti fulani ambayo wenyewe walishaifunga, na bei zile hakuna aliyezitumia tena. Ikabisha hodi, ikakosa jibu, ikaanguka. Zote zilizokuwa nyuma yake zikasimama hapo hapo. Wanyonyi aliiendesha upya, ikaanguka upya, huku Ngige akizunguka ofisini na simu sikioni akiwaomba wenye maghala radhi.

Hapo ndipo Gathoni alipovuta kiti. Gathoni alikuwa mgeni katika kampuni lakini mwenyeji wa Kitale, mjukuu wa watu waliotoka katikati ya nchi wakanunua shamba upande wa Trans-Nzoia, na ulimi wake ulikuwa pilipili mbuzi. Alisoma faili ya Wanyonyi kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu.

"Wanyonyi, sasa hii ya kupunguza picha inangojea bei za soko ya nini?"

"Hiyo ya bei ndiyo mkubwa."

"Mkubwa aje?"

"Iliandikwa kwanza. Hizo zingine zilikuja nyuma yake."

Gathoni alicheka kicheko cha kusikika mpaka dukani chini. "Ati mkubwa! Wewe bana, hizi ni kazi ama ni vijana mnapeleka mtoni kupakwa matope?"

Ofisi nzima ikacheka. Hata Ngige, mwenye simu sikioni, alitabasamu. Wanyonyi alihisi damu ikimpanda masikioni. Mtoni ndiko alikosimama uchi asubuhi ile ya tohara, baridi ikimuuma, nyuma ya mgongo wa Wepukhulu, na huyu mwanamke alikuwa ametia mkono pale penye kidonda bila hata kujua.

"Chunga mdomo," akasema polepole.

"Nichunge mdomo na watu wanapigwa huko ghalani? Chunga faili yako."

Akaifuta kazi ya bei mbele ya macho yake, akaendesha foleni iliyobaki, na programu ikafika kwenye simu za makarani jioni, wakulima wakiwa wamekwisha kwenda zao na hasira zao. Wanyonyi alikwenda nyumbani kwa miguu. Alimchukia Gathoni kwa roho safi, bila hata tone la shaka.

Kesho yake Ngige akaamuru kila mtu akae mbele ya ubao. Gathoni alichora miduara, mmoja kwa kila kazi, na Wanyonyi akakaa mkono shavuni kama mtu aliyeletwa msibani kwa adui.

"Skizeni," Gathoni akaanza. "Kutegemea ni kukula. Hii inakula kitu ile imepika? Kama inakula, chora mstari mzima. Picha inakula nini ya bei? Hakuna. Toa mstari. Kupima inakula programu ikiwa imegeuzwa? Eeh, acha huo."

Alifuta mistari mingi sana. Foleni ya Wanyonyi ikafunguka ikawa kitu kingine, kazi nyingi zikasimama kando kwa kando, tayari kuanza pamoja. Kisha akachora mstari wa vitone kati ya miduara miwili.

"Kuna hii nyingine. Kufagia mafaili ya zamani, na kufunga kifurushi. Kifurushi hakikuli kitu ya ufagio. Lakini zikiitwa siku moja, ufagio itangulie, ama itafagia kifurushi kipya na takataka. Hiyo ni mpangilio tu, si kutegemea. Leo kama hakuna mtu ameita ufagio, kifurushi kinaenda chenyewe. Haijaitwa, haingojewi."

Wanyonyi aliondoa mkono shavuni. Aliutazama mstari wa vitone muda mrefu. Kama angeambiwa jambo hilo na mtu mwingine yeyote angeshukuru. Kwa kuwa lilitoka kinywani mwa Gathoni, alilipokea kama dawa chungu, akalimeza na kumchukia aliyeshika kijiko.

Jumapili iliyofuata alikwenda Misikhu. Alikuwa amemwomba mama yao amwite Wepukhulu, na Wepukhulu alikuja, kwa sababu kulikuwa na kuku. Walikaa sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa vilivyodariziwa na mama mwenyewe. Roselyne alifua mashuka ya hospitali ya misheni kule Lugulu mpaka akastaafu, na mikono yake bado ilikuwa na nguvu za kumshika mtu mzima kosi. Wanyonyi alingoja sahani ziondolewe.

"Mayi," akamwambia mama yake, "mdogo hamruki mkubwa. Sikatai. Lakini hiyo ni kama wote wawili wanajenga. Kama mkubwa hajengi, mdogo anamruka nani? Huyu miaka yote hajasema anajenga. Hayuko kwa njia. Nipeni ruhusa nianze."

Wepukhulu alikuwa akichokonoa meno. Roselyne alimgeukia.

"Hiyo maneno iko na akiri," akasema. "Rakini tukuulize wewe mwenyewe. Unajenga ama hujengi?"

Hilo ndilo swali ambalo Wepukhulu alilikwepa maisha yake yote. Nguvu zake zilikaa humo, katika kutosema ndiyo wala hapana, ili wengine wakae mguu mmoja chini mmoja juu. Wanyonyi alimwona akifikiri. Alimwona pia akimtazama yeye, akiona jinsi alivyoitaka nyumba ile, na akajua jibu kabla halijatoka.

"Najenga," Wepukhulu akasema.

"Lini?" Wanyonyi akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Kijana, usinipigie kelele. Nimesema najenga. Mvumilivu hula mbivu."

"Basi amesema anajenga," Roselyne akasema kwa huzuni. "Itabidi umngoje."

Wanyonyi alitoka nje akasimama kwenye migomba. Alikuwa amemsaka ndugu yake kwa kanuni mpya, na ndugu yake amejifunika kwa kanuni ileile. Sasa ameitwa, lazima angojewe. Alitamani kumpiga. Alitamani kumwona akianguka na pikipiki yake mtaroni, na akaona haya kwa kutamani hivyo, halafu akatamani tena.

Pauline alisimuliwa usiku huo. Alitandika kitanda akalala akitazama ukuta, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Ofisini Wanyonyi alipewa adhabu, ingawa Ngige aliiita kazi: aiandike faili yote upya, kwa mtindo wa Gathoni. Aliandika siku kadhaa kwa kinyongo. Akamaliza, akakaa kuijaribu. Hakuita kazi zote. Aliita ya mwisho peke yake, ya kufunga kifurushi, kwa nia mbaya kabisa ya kuona mtindo wa yule mwanamke ukiaibika, maana ujumbe wa Kibukusu alikuwa hajaupanga, na kifurushi hakiwezi kufungwa bila huo.

Chombo hakikuaibika. Kiliona kifurushi kinataka ujumbe, kikaona ujumbe haujapangwa, kikaenda kikaupanga chenyewe, kisha kikarudi kufunga kifurushi. Hakikukaa kumngoja mtu. Hakikuuliza kama ujumbe unajisikia kupangwa leo, wala hakikuambiwa mvumilivu hula mbivu. Kazi ilihitajika itangulie, basi ilifanywa itangulie, na safari ikaendelea.

Wanyonyi aliendesha mara ya pili, kuhakikisha. Halafu akafunga laptopu, akaenda mlangoni kwa Ngige kuomba likizo.

"Ya nini, na huu ni msimu?" Ngige akauliza.

"Ya kujenga nyumba ya mtu."

Kumweleza Pauline ilikuwa kazi kubwa kuliko kumweleza Ngige. Akiba yao ilitosha nyumba moja nzuri. Zikijengwa mbili, ya kwao itakuwa ya udongo na mabati, si ya matofali waliyoiota.

"Unamjengea yule?" Pauline aliruka kutoka kitini. "Yule aliyenifanya nizeeke nikingoja harusi? Umerogwa, Baba Lorraine!"

"Simjengei. Namtoa njiani."

"Basi mjengee ya udongo yeye, sisi tuchukue matofali."

"Nikimjengea ya udongo atasema tumemjengea banda la kuku, haihesabiki. Sitaki apate hata ufa wa kupitishia neno."

Pauline alimtazama mumewe kama mtu anayeonyeshwa chumba katika nyumba yake ambacho hakuwahi kukijua. Kisha akacheka, na kicheko chake hakikuwa na huruma ndani yake.

Wakajenga. Roselyne ndiye aliyeonyesha mahali, upande wa kulia wa nyumba yake, mahali pa kifungua mimba, na hakuuliza mengi. Wanyonyi alisimama juu ya vichwa vya mafundi tangu alfajiri. Tofali likikaa upande alilitoa mwenyewe. Alipima mlango kwa timazi, akaupima tena, na fundi alipomwambia, "Mzee, hii imenyooka," aliupima mara nyingine. Majirani walisema hawajawahi kuona ndugu anayempenda mkubwa wake kiasi hicho. Aliwasikia akauma meno. Kila msumari aliupiga akimwona Wepukhulu usoni, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja uliopinda.

Nyumba ilipokwisha, Roselyne alimpigia Wepukhulu simu akamwambia nyumba yake iko tayari, aje achukue ufunguo. Wepukhulu alidhani ni mzaha. Alikuja Jumamosi na pikipiki, akaizima katikati ya uwanja, akabaki ameikalia. Mafundi walikuwa wanakula ugali kivulini. Majirani kadhaa walikuwa wamesogea, kama kawaida ya majirani.

"Hii ni ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Yako," Wanyonyi akasema, akamnyooshea ufunguo. "Ulisema unajenga. Imejengwa. Kesho naanza yangu."

"Si yangu. Mimi sikujenga hii kitu."

Roselyne alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. "Hata tumbo yangu hukuijenga," akasema, "na ulikaa."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Majirani wakashikana mabega. Wepukhulu alishuka kwenye pikipiki, uso umemvimba, akaupokonya ufunguo mkononi mwa mdogo wake. Alimsogelea karibu, wengine wasisikie.

"Umeniua," akamwambia. "Kila mtu akipita hapa atasema huyu alijengewa na mdogo wake. Mpaka siku nitakufa."

"Najua," Wanyonyi akamjibu. "Ndiyo maana nimetumia matofali."

Walitazamana. Walikuwa na macho yaleyale, ya marehemu baba yao, na hakuna aliyeyaondoa kwanza. Mwishowe Wepukhulu akageuka, akafungua, akaingia, akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote. Mlango ulikaa sawasawa katika fremu yake na wala haukutikisa ukuta.

Wanyonyi alikuwa ameingojea saa hiyo tangu asubuhi ile ya mtoni, na alitegemea itakuwa na utamu. Haikuwa nao. Alihisi amechoka tu, na mikono inamuuma. Pauline alikuwa upande wa pili wa uwanja, pamoja na Lorraine, anavuta kamba kati ya vijiti viwili kuonyesha kuta za udongo zitapita wapi. Wanyonyi alichukua jembe akaenda kumsaidia kuchimba.